Uyoga wa Mavi ya Ng'ombe Unaogeuka Bluu: Maswali Ninayoulizwa Kila Mvua Zikianza Mwanza

Mimi ni mkulima wa uyoga. Banda langu liko Kisesa, upande wa kuelekea Bujora, na ninachouza ni mamama, ule wa kukaanga na kitunguu na nyanya. Lakini mvua za vuli zikishapiga mara tatu nne, swali linalokuja bandani halihusu mamama hata kidogo. Anakuja kijana, anajifanya anataka robo kilo, anazungukazunguka, anapima maneno, halafu anashusha sauti: "Braza, ule wa kwenye mavi ya ng'ombe unaujua?" Naujua, ndiyo. Nimeamua kuandika majibu yote mahali pamoja, maana nimechoka kunong'ona.

Ni uyoga gani hasa watu wanaouulizia?

Kwa jina la kitaalamu ni Panaeolus cyanescens. Neno la pili linataja sifa yake kuu: unaogeuka bluu. Waingereza wawili, Berkeley na Broome, ndio waliouandika vitabuni mwaka 1871 kutokana na uyoga uliookotwa Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka sasa. Tangu hapo umeonekana katika nchi nyingi za joto zenye ng'ombe, nyati au farasi.

Wanaosikia sifa zake hutegemea kukuta dude. Ni kitu kidogo tu. Kofia yake ni kama kifuniko cha soda, ikizidi inazidi kidogo. Huanza na kahawia hafifu, jua likiipiga inapauka mpaka inakuwa kama jivu la kuni. Shina ni jembamba, refu kama kalamu, na linavunjika ovyo. Ukiigeuza kofia utaona vibao vyembamba vilivyopangana. Mimi naviita matamvua kwa sababu vinanikumbusha sangara aliyefunuliwa shavu. Yana mabaka ya kijivu na meusi, maana vimbegu vyake (wataalamu wanaviita spora) haviivi kwa pamoja. Na ukiuminya kwa kidole, baada ya dakika chache pale ulipominya panakuwa na rangi ya bluu.

Hiyo bluu inatoka wapi?

Ndani ya uyoga mzima kuna kemikali inayoitwa silosaibini, ambayo haina rangi. Ukiuminya, seli zinapasuka. Kimeng'enya kimoja kinaikata silosaibini kuwa silosini, kingine kinaikutanisha silosini na oksijeni ya hewani, na molekuli zinashikana kuwa minyororo ya rangi ya bluu. Mambo haya yalieleweka vizuri mwaka 2019 tu, kwa kazi ya watafiti wa Jena, Ujerumani, ingawa watu walikuwa wanaiona bluu hiyo miaka nenda rudi. Kama umewahi kumenya ndizi mbichi za kupika, ukaona zinavyokuwa nyeusi pamoja na vidole vyako, umeshaona jambo la ukoo huohuo.

Kwa hiyo uyoga wowote ukigeuka bluu, ndiyo wenyewe?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ipo jamii nzima ya uyoga mnene, ule ambao chini ya kofia hauna matamvua bali vitundu kama sifongo, na baadhi yake ukiukata unakuwa bluu mbele ya macho yako. Hauna silosaibini hata chembe. Bluu yake inatokana na kemikali nyingine kabisa, na ndani ya jamii hiyo wamo wanaoliwa na wamo wanaokuharisha hadi ushike ukuta.

Unaota wapi, na kwa nini juu ya mavi?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na watu wengi hulipita haraka wakikimbilia mengine.

Anza na ng'ombe. Uyoga uliokomaa unaachia spora nyingi sana, zinapeperushwa hadi kwenye majani ya malisho. Ng'ombe anakula majani hayo. Spora hazifi tumboni. Zinapita matumbo yote manne na kutoka upande wa pili zikiwa zimekaa ndani ya kifurushi chenye joto, unyevu na majani yaliyokwisha kusagwa. Nani angeandaliwa shamba zuri kuliko hilo? Zinachipua, zinatandaza nyuzi nyeupe ndani ya mavi, na mvua ikija nyuzi zinasukuma juu kile tunachokiita uyoga. Kwa maana hiyo unachokiona ni kama embe. Mwembe wenyewe umejificha ndani.

Tena hauanzi wenyewe. Mavi ya ng'ombe yana zamu. Siku za mwanzo hutokea kuvu wadogo sana kama nywele za kioo, wenye vichwa vyeusi, wanaoitwa Pilobolus. Hao hurusha vichwa vyao kwa kishindo hadi zaidi ya mita moja, ili vikaangukie majani safi, kwa kuwa ng'ombe hali majani yaliyo karibu na mavi yake. Baadaye hufuata wengine, na uyoga wenye kofia kwa kawaida huja mwishoni, baada ya wiki kadhaa. Wadudu wanaoviringisha mavi wakifika mapema na kuyasambaza, zamu zote zinavunjika.

Sasa fikiria Usukumani. Ng'ombe ni wengi, na tuna ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili mifugo ije kuyala kiangazi. Ng'ombe wanaingia humo Julai na Agosti, wanaacha mavi, halafu Oktoba au Novemba mvua inayakuta. Ukipita asubuhi ya siku kama hiyo, kabla jua halijawa kali, utakuta vikofia vya kila namna. Saa sita mchana vimekauka au vimelala. Mimi nimekuta vilivyofanana kabisa na hiki tunachokizungumzia, na nimekuta vingi zaidi ambavyo sivyo.

Nasikia upo pia kwenye kinyesi cha kiboko. Ni kweli?

Upo ndugu yake. Anaitwa Panaeolus africanus, aliandikwa mwaka 1969 na mtaalamu aitwaye Ola'h, na makao yake ni kinyesi cha kiboko na cha tembo, kuanzia Afrika ya Kati hadi upande wa kusini wa Sudan ya wakati ule. Huyu ni kigeugeu: kemikali huonekana kwa baadhi na kukosekana kwa wengine.

Wavuvi wa mialo yetu wanajua kuwa kiboko hutoka ziwani usiku kula majani, na anapokunya huutumia mkia kama feni, kinyesi kinaruka mpaka kwenye vichaka. Kwa hiyo anayetafuta uyoga huo anautafuta kwenye njia ya kiboko, alfajiri, wakati mwenye njia anarudi majini. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi ziwani hana mazungumzo. Sidhani kama nina haja ya kusema zaidi.

Ukiingia mwilini unafanya nini?

Mwili unaigeuza silosaibini kuwa silosini, na silosini inafanana kwa umbo na serotonini, moja ya kemikali ambazo ubongo hutumia kupashana habari. Inaingia kwenye mlango wa serotonini kama ufunguo uliochongwa mtaani Makoroboi: unafungua, ila si kwa namna ya ufunguo halisi. Kwa kawaida huanza baada ya dakika ishirini hadi saa moja, na huendelea saa nne hadi sita.

Mtu huona maruweruwe. Rangi zinang'aa, ukuta unapumua, dakika tano zinakuwa saa nzima. Wengine hucheka bila sababu, wengine hulia. Wengine hushikwa na hofu kubwa, wakaamini wanakufa au wanafuatwa. Kichefuchefu ni kawaida, mapigo ya moyo yanaongezeka, mboni za macho zinapanuka. Si ulevi wa pombe wala wa bangi, na huwezi kuusimamisha njiani. Aliyekunywa pombe ataacha kuongeza. Aliyekula uyoga huu ameshapanda meli na meli imeng'oa nanga.

Kiasi cha kemikali hakilingani kati ya uyoga na uyoga, hata ile iliyoota kwenye kifungu kimoja cha mavi. Ndiyo maana anayesema "nilikula viwili sikuona kitu" na anayesema "nilikula viwili nikapotea siku nzima" wote wanaweza kuwa wakweli.

Kwa hiyo ni sumu? Unaua?

Kemikali yenyewe kuua mtu mzima mwenye afya ni nadra sana. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kijana akigundua umemdanganya hapo hatakusikiliza tena kwingine. Vifo na majeraha huja kwa njia za pembeni. Mtu ameparamia boda. Mtu amepanda juu ya mawe ya Capripoint usiku akaamini anaweza kuruka. Mtu ameingia ziwani. Na sisi tunaishi ufukweni. Maji yako hatua hamsini kutoka kila starehe.

Kuna pia wasiotakiwa hata kuusogelea: mwenye historia ya ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia, yeye au ndugu zake wa damu, kwa sababu unaweza kuuamsha, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa ya lithiamu, maana degedege limeripotiwa kwa waliochanganya.

Lakini njia kubwa zaidi ya kufa ni kula uyoga ambao sio huo.

Sasa nitautofautishaje na ule wenye sumu?

Huwezi. Usikasirike. Mimi naye nashinda na uyoga miaka yote hii, na nikiletewa kikofia kimoja cha kahawia kwenye kiganja siwezi kukuapia ni nini.

Tazama mwenyewe. Juu ya mavi hayohayo huota Panaeolus antillarum, mweupe zaidi, mnene kidogo, hauna silosaibini; huyo hana madhara makubwa. Pembeni ya mavi, kwenye udongo wenye mbolea na kwenye nyasi, huota uyoga wa jamii ya Conocybe: mdogo, kahawia, shina jembamba, kofia kama kengele. Ndani ya jamii hiyo wamo wenye amatoksini. Wamo pia kwenye jamii ya Lepiota na ya Galerina, nao wote ni wadogo, wa kahawia, wa kawaida mno machoni. Amatoksini ndiyo sumu ya uyoga unaoua watu wengi kuliko yote Ulaya. Inazuia seli za ini zisiweze kusoma maagizo yao wenyewe, na seli isiyosoma maagizo haitengenezi protini, inakufa. Haina ladha mbaya. Moto hauiharibu. Kukaushwa hakuiharibu.

Wanaofanya kazi hii kwa dhati huweka kofia juu ya karatasi usiku kucha ili spora zidondoke waone rangi yake. Panaeolus hutoa nyeusi. Conocybe na Galerina hutoa ya kutu. Kisha wanazitazama kwa hadubini, na bado wanabishana. Kijana wa huku anachotegemea ni picha ya simu na rafiki aliyewahi kusikia.

Jirani yangu mmoja aliokota vitatu nyuma ya zizi akavila na mkate. Alitapika usiku kucha, akatoka jasho mpaka godoro likalowa, mate yakimtiririka kama mtoto anayeota meno. Alipona. Dalili zake zilikuwa za muskarini, sumu ya uyoga mwingine kabisa, na maruweruwe hakuyaona hata dakika moja. Mpaka leo hajui alikula nini. Mimi pia sijui.

Bibi alinifundisha kuuchemsha na kitunguu. Kikibadilika rangi, una sumu. Mchele nao hivyohivyo.

Shikamoo kwa bibi, lakini hapana. Kitunguu hakiijui amatoksini. Mchele hauijui, wala kijiko cha fedha hakiijui. Kwamba mbuzi ameula au kwamba umekutwa umetobolewa na konokono si ushahidi, kwa sababu matumbo yao si yetu. Kuchemsha na kumwaga maji husaidia kwa aina chache zenye kuwasha tumbo. Kwa zile zinazoua, unapika tu mchuzi wa sumu.

Bibi zetu walikuwa na elimu nyingine iliyo bora kuliko hiyo ya kitunguu. Walijua kichuguu gani kinatoa uyoga, mwezi gani, baada ya mvua ya namna gani, na walichuma hapohapo miaka arobaini. Hiyo haihamishiki kwa maneno mawili jikoni.

Uyoga wa vichuguuni unaweza kulewesha?

Hapana. Huo hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, ni chakula, na ni mtamu kuliko mamama wangu. Nakubali ingawa inaniuma kibiashara. Angalia tu wale wadogo weupe wanaotapakaa mamia kwa mamia kichuguuni baada ya mvua: watoto wanapochuma kwa haraka, hukusanya na vingine vilivyosimama karibu.

Na ule mwekundu wenye madoa meupe wa kwenye katuni?

Huo ni Amanita muscaria na hauna uhusiano na wa mavi. Huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti kama misonobari, ndiyo maana ulifika kusini mwa dunia pamoja na miche ya misonobari iliyoletwa kupandwa. Kwenye malisho yetu usiutafute. Hauna silosaibini; una asidi ya iboteni na musimoli, ambazo humpa mtu usingizi mzito, kuchanganyikiwa na misuli kurukaruka. Jambo la ajabu: muskarini, ile iliyomtoa jasho jirani yangu, iligunduliwa mwaka 1869 kwenye uyoga huu na ikachukua jina lake, lakini ndani yake imo kidogo sana. Uyoga mwingine mdogo usio na sifa yoyote ndio uliojaa.

Wazee wa Kisukuma walikuwa wanautumia kwenye uganga?

Watu wanataka sana jibu liwe ndiyo. Ufumu wa Kisukuma unajulikana kwa mengine: kuku anapasuliwa na mfumu, yaani mganga, anasoma ndani yake, kuna mizimu ya ukoo, kuna shanga, kuna dawa za mizizi na magome. Wanaokuambia kuwa kila mganga wa zamani alikuwa na uyoga wake wa siri wamechukua habari ya Mexico wakaivalisha lubega.

Habari ya Mexico ni hii. Kwenye milima ya Oaxaca, Wamazateki walikuwa na uyoga wa jamii nyingine, Psilocybe, waliokula usiku kwenye ibada za uponyaji. Mwaka 1955 mganga wao, María Sabina, alimruhusu Mmarekani aitwaye Gordon Wasson akae kwenye ibada. Wasson akaandika gazetini mwaka 1957, na mwaka uliofuata mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, akaitenga silosaibini. Wageni wakamiminika kijijini kwa María Sabina, polisi wakafuata, nyumba yake ikachomwa moto. Wanaosimulia sehemu ya kwanza huisahau sehemu ya mwisho.

Kwa Afrika, habari iliyoandikwa vizuri ni ya Lesotho: mwaka 2024 watafiti walitangaza uyoga mpya, Psilocybe maluti, ambao waganga wa Kisotho wanautumia. Lesotho si Magu.

Sheria inasemaje?

Silosaibini na silosini zimo kwenye Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu kemikali zinazoathiri akili, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Hapa ndani tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, yenye mamlaka yake. Mavi ya ng'ombe hayana leseni, uyoga utaota popote unapotaka. Lakini kuuchuma, kuukausha na kuutia kwenye vifuko ni habari nyingine, na "afande, huu ni uyoga tu" si utetezi ninaokushauri uujaribu.

Nimesikia unatibu sonona. Kuna ukweli?

Kuna utafiti wa kweli. Mwaka 2016 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Johns Hopkins na cha New York, vilitangaza matokeo kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa na huzuni na hofu ya kifo, na wengi walipata nafuu iliyodumu miezi. Australia, tangu Julai 2023, imewaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuitumia silosaibini kwa sonona iliyokataa dawa nyingine.

Angalia hapo kinachotumika. Ni silosaibini safi iliyopimwa kwa miligramu. Mgonjwa amechunguzwa kwanza. Wako wataalamu wawili chumbani muda wote, na mazungumzo ya wiki kadhaa kabla na baada. Kijana aliyefiwa na mama yake akaenda ngitili peke yake na kiberiti na sufuria hayumo kwenye utafiti huo. Kama ni wewe, nenda kitengo cha afya ya akili hospitalini, Bugando wapo na Sekou Toure wapo. Wala usiogope kuonekana. Foleni ya pale ina watu wa kila aina, na wengi ni watu wazima wenye kazi zao.

Kuna jamaa mjini anauza uliokaushwa. Nimwamini?

Uyoga ukishakauka na kuvunjika, hata bwana shamba hautambui. Marekani ya miaka ya 1970 walipima mizigo ya mtaani wakakuta ni uyoga wa dukani ulionyunyiziwa dawa nyingine. Mwaka 2024, hukohuko, chokoleti zilizouzwa kama za uyoga ziliondolewa madukani baada ya watu wengi kulazwa. Na hao wana maabara. Jamaa yako ana begi la mgongoni.

Mtu ameshakula. Tufanye nini?

Kwanza angalia saa. Aliula saa ngapi, na dalili zimeanza saa ngapi? Andika, maana ukifika hospitali utakuwa umechanganyikiwa.

Dalili zikianza ndani ya saa moja au mbili (maruweruwe, kutapika, jasho), mara nyingi si ule unaokula ini, ingawa huwezi kuwa na uhakika kama alikula mchanganyiko. Mpeleke hospitali hivyohivyo. Akiwa na hofu, mkalishe pahali penye utulivu, asiachwe peke yake, asisogee barabarani wala ziwani, mtu mmoja aongee naye kwa upole. Kumzunguka watu kumi mkimwombea kwa sauti kutamzidishia.

Dalili zikichelewa, hapo ogopa. Mtu amekula saa mbili usiku, amelala salama, saa kumi alfajiri anaanza kutapika na kuhara maji. Huku kwetu kila mtu atasema kipindupindu, atapewa ORS, na kesho yake atapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya uongo. Ini linaendelea kufa kimyakimya, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Kwa hiyo ukifika kwa daktari sema neno "uyoga" hata kama hajakuuliza, hata kama mgonjwa anakukonyeza ukae kimya. Na kama mko Ukerewe au kisiwa cha mbali zaidi, msisubiri macho ya njano ndipo muulize ratiba ya meli.

Usimlazimishe kutapika. Usimpe mafuta. Maziwa, ambayo kila nyumba hukimbilia, hayaizuii amatoksini. Mkaa wa dawa unatolewa hospitalini. Wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Mabaki ya uyoga, hata yaliyomo kwenye sufuria, yabebe kwenye bahasha ya karatasi. Ukifunga kwenye nailoni yanaoza kabla hujafika Igoma.

Mwanangu wa miaka miwili ameng'ata uyoga wa kwenye nyasi za uani.

Mama, mtoe uliobaki mdomoni, msukutue kwa maji, chukua na uyoga wenyewe, nenda hospitali. Kwenye nyasi za nyumbani mhalifu wa kawaida ni Chlorophyllum molybdites: mkubwa kama sahani, mweupe, una magamba ya kahawia katikati, na ukikomaa spora zake ni za kijani. Unatapisha vibaya sana ndani ya saa chache, na kwa mtoto mdogo upungufu wa maji ndio hatari yenyewe. Watu wazima pia huupika, kwa kuwa unapendeza.

Kuugusa kuna madhara? Ng'ombe je?

Kuugusa hakuna neno; nawa mikono, kwa sababu ya mavi zaidi kuliko uyoga. Ng'ombe hali karibu na mavi yake, nilishasema.

Unaweza kunifundisha kuulima?

Siwezi, na usirudi na swali hilo ukiwa umebadilisha kofia. Nitakufundisha mamama: maganda ya mbegu za pamba au majani ya mpunga, pipa la kuchemshia, giza, unyevu, usafi. Wateja wapya huniuliza kama mamama anaweza "kubadilika" akawa wa kulewesha. Habadiliki. Kinachotokea ni kwamba kuvu wengine hujipenyeza kwenye mifuko, hasa wale wa wino, wenye kofia nyembamba ya kijivu inayoyeyuka kuwa maji meusi siku hiyohiyo. Ukiwaona, ng'oa utupe. Katika jamii hiyo yuko mmoja ambaye ukimla kisha ukanywa bia uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga. Unazuia mwili kumalizia kuivunja pombe. Nimeshauriwa na wake za watu watatu nianze kuuza huo.

Nikikutumia picha utaniambia ni uyoga gani?

Nitakuambia unafanana na nini. Piga juu, piga chini kwenye matamvua, piga shina zima mpaka lilipoingia ardhini, na uoneshe ulipoota: mavi, mti, nyasi au kichuguu. Weka na sarafu pembeni nijue ukubwa. Kuhusu kula, sitakujibu kwa picha, usiku wala mchana. Na tafadhali usinitumie ukiwa umeshaukatia kwenye sufuria na maji yanachemka. Mwaka jana nilipokea nne za namna hiyo, moja ikiwa na ugali tayari pembeni.